Ngozi si Ukuta

Vijana wetu wengi huku Uingereza wamegeuza sebule kuwa studio: shuka jeusi nyuma, taa mbili, na rafiki aliyepakwa rangi mwilini tayari kwa picha. Kazi inapendeza, ila mimi muuguzi naangalia kopo kwanza.

Rangi ya akriliki ni ya karatasi na mbao. Hata ikiandikwa haina sumu, haikutengenezwa kwa ngozi. Ikikauka hukakamaa na kung'oka na vinyweleo. Nunueni rangi ya vipodozi inayotoka kwa maji, mjaribu kidogo ndani ya mkono, mngoje siku mbili.

Piko, ile hina nyeusi tuliyoizoea harusini, msiitumie kabisa. Mara nyingi ina PPD, kemikali ya rangi ya nywele, na sheria ya hapa hairuhusu kuipaka kwenye ngozi. Huleta malengelenge na makovu. Mzio wake ukikupata, kwa kawaida ni wa maisha: hata rangi ya nywele huwa hatari kwako.

Uso ukivimba au pumzi ikibana, pigeni 999. Picha zitasubiri.