Akiitazama Darasani Sawa, Akiitazama Bwenini Kesi

Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, UCLA, kilinunua DVD za tamthilia za Shakespeare zilizotengenezwa na BBC na kusambazwa Marekani na kampuni ya Ambrose Video. Mhadhiri alipozionyesha darasani hapakuwa na neno, kwani kifungu cha 110 cha sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo kinaruhusu kazi nzima ionyeshwe kwa wanafunzi ana kwa ana. Ugomvi ulizuka chuo kilipozinakili kwenye seva ili wanafunzi wa kozi husika wazitazame kwa nywila wakiwa bwenini. Desemba 2010 kesi ikafunguliwa.

Jaji Consuelo Marshall aliitupa mwaka 2011, ikarekebishwa, akaitupa tena 2012. Wakutubi wengi walipumua, na naona walipumua mapema. Uamuzi uliegemea sana kinga ya jimbo: chuo cha umma ni chombo cha jimbo, na jimbo halishtakiwi hivi hivi katika mahakama ya shirikisho. Kinga hiyo haimfai kitu mkutubi wa chuo binafsi anayefanya jambo lile lile.

Hata Sheria ya TEACH ya 2002, iliyokusudiwa kusaidia masomo ya mtandaoni, haimwokoi: inaruhusu tamthilia na filamu kwa sehemu ya kadiri tu. Nani atafundisha Hamlet kwa vipande?

Halafu kuna kufuli. Sheria ya 1998 inakataza kuvunja ulinzi wa kidijitali wa DVD, hata pale ambapo matumizi yenyewe yangekuwa halali. Profesa wa filamu aliyetaka kulinganisha maonyesho mawili alilazimika kutoa diski moja, kuingiza nyingine, kungoja maonyo yasiyorukika yapite, kisha kuisaka dakika anayoitaka, huku kipindi kinakwisha. Mwaka 2006, baada ya walimu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akiwemo Peter Decherney, kuomba, walimu wa filamu waliruhusiwa kulifungua kufuli hilo. Mwaka 2010 ruhusa ikawafikia wahadhiri wote. Lakini ni kwa vipande vifupi.

Pamoja na hayo, siwezi kuwabeza wauzaji. Filamu ya Hollywood hulipwa na watazamaji wa sinema kabla haijafika chuoni. Filamu ya elimu mteja wake ni chuo chenyewe, na nakala moja ikikaa kwenye seva miaka nenda rudi, mtengenezaji atamuuzia nani tena? Kwa hiyo ningeyatenganisha haya mawili. Kazi iliyotengenezwa kwa ajili ya vyuo, na inayopatikana kwa leseni ya mtandaoni yenye bei ya kueleweka, ilipiwe. Kazi nyingine iliyonunuliwa kihalali iwafuate wanafunzi wa kozi popote walipo, nzima, hadi muhula uishe.

Pa kuanzia ni kanda za VHS. Kifungu cha 108 cha sheria ya hakimiliki kinairuhusu maktaba kunakili kanda ambayo mashine yake imepitwa na wakati, ikiwa hakuna nakala mpya sokoni kwa bei ya haki. Hata hivyo, nakala hiyo ikiwa ya kidijitali haipaswi kutoka nje ya jengo la maktaba. Mwenye kazi haiuzi tena, hapotezi senti, ila mwanafunzi anayesomea mbali haioni. Bunge la Marekani likifuta sharti hilo la jengo, hakuna msanii atakayelala njaa.