Corolla zote si moja! Acheni kununua desa la gari la mwenzenu

Haya wadau, nimerudi chuo salama. Kwa wale mliouliza kwa nini nilipotea likizo nzima: nilikuwa nyumbani Kinampanda, naona aibu. Nilipanga kukaa nayo kimya kimya. Ila jana usiku hapa hosteli nikamkuta mshikaji mmoja (anajijua) ana kitabu kinene cha kujifunza kutengeneza gari, kakinunua kwa hela ya bumu. Jalada limeandikwa Corolla, nyumbani kwao wana Corolla, basi kwake mambo yamekwisha. Nikamwambia subiri, usikifungue kwanza, nikusimulie.

Mzee wetu ana Corolla ile AE110, zile zilizokuja kutoka Japani. Ndo gari ya familia, ndo inayobeba vitunguu, ndo iliyolipa ada yangu. Kabla ya likizo nikanunua kitabu cha mitumba Dar, kizuri kweli, picha kibao. Cha kampuni gani sitaji, na kosa wala si lao. Nikafika nyumbani nakishika kwapani kama Biblia.

Wiki ya kwanza fundi wa pale kijijini akaja kuisikiliza gari. Huyu ni mtu mzima, kaanza kushika spana mi sijazaliwa. Akamwambia Mzee: "Hii taimingi belti yake tuibadilishe, hatujui Mjapani aliibadilisha lini." Mi msomi nikaingilia. Nikafungua kitabu mbele ya watu, nikaonyesha ukurasa: injini ya Corolla hii inatumia cheni, haina belti, na hakuna mahali wanaposema ibadilishwe. Fundi akaangalia, akanyamaza. Mzee akaniangalia kwa fahari, akasema basi, hela ya belti tununulie tairi. Yaani ile fahari yake ndo inaniuma mpaka leo.

Wiki tatu baadaye tunatoka Shelui, magunia mawili nyuma, mdogo wangu katikati ya magunia, tunapanda Mlima Sekenke. Injini ikazima puu, kama mtu kazima taa. Mnaojua ile barabara mnajua malori yanayopita pale kwenda Rwanda na Kongo. Injini ikizima, usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza ule msaada wake, unakanyaga kama unakanyaga jiwe. Gari ikaanza kurudi nyuma. Mzee akavuta handibreki mpaka mwisho huku anakanyaga, mi nikaruka kutafuta jiwe la kuweka nyuma ya tairi. Lori likapita linapiga honi, upepo wake tu ulitikisa gari. Mdogo wangu analia. Sina la kuongeza hapo.

Nani alikuja kutuokoa? Fundi yule yule, kwa pikipiki ya mtu. Nikamwambia shikamoo fundi, sauti haitoki. Hakunisema hata neno. Kafungua mfuniko wa plastiki ubavuni mwa injini, akatoa belti imekatika vipande. Bahati injini yenyewe haikuumia. Tukafika nyumbani, ndo akaniomba kile kitabu. Akakipekua taratibu, akauliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, mbona humu usukani uko kushoto?"

Jamani!

Kitabu kilikuwa cha Corolla ya Marekani. Kule, kuanzia modeli ya 1998, waliiwekea injini ya 1ZZ-FE ya lita 1.8, na hiyo kweli ina cheni. AE110 ya Japani ina 5A-FE ya lita 1.5, hiyo ina belti. Jina moja, sura zinafanana, ndani ni magari mawili. Kitabu hakikudanganya popote, ila kilikuwa desa la kozi nyingine na mi nikaingia nalo kwenye mtihani wetu.

Sasa mtu aje aniambie "kitabu chochote cha Corolla kinafaa, misingi ni ile ile". Misingi gani? Kabla hujatoa hela fungua boneti, tafuta kale kabati kadogo kalikoandikwa namba za modeli na injini. Andika kwenye karatasi. Nenda nayo kwa muuza vitabu, fungua kurasa za mwanzo, tafuta namba ya injini yako. Haipo? Rudisha kitabu, hata kama karatasi zinang'aa vipi. Mi nilichagua kwa jalada. Ningechukua hata kile cha Uingereza ningekuwa karibu zaidi: kule wanaendesha kushoto kama sisi, na Corolla yao ya lita 1.6 ilikuja na 4A-FE, ndugu wa 5A-FE kabisa. Pistoni zinatembea urefu ule ule wa milimita 77, tofauti ni upana wa silinda: 81 kwa 78.7. Na zote zina belti.

Na dalili ilikuwepo machoni! Cheni inaogea oili, kwa hiyo inafungiwa ndani ya mfuniko wa chuma. Belti inakaa kavu, nyuma ya plastiki. Ile plastiki niliifuta vumbi kila asubuhi.

Kuna wanaosema vitabu vimepitwa, Haynes wenyewe walitangaza 2020 kwamba hawachapishi tena vipya kwa karatasi, angalia YouTube. Sawa, mwenye bando aangalie. Ila yule anayefungua injini kwenye video naye ana injini yake, muulize kwanza ni ipi. Tena hao Haynes kitabu chao cha kwanza, cha 1966, kilikuwa cha gari moja tu, Austin-Healey Sprite. Huko ndo kazi ilikoanzia, kwenye gari moja. Sisi tunataka kitabu kimoja kitengeneze nchi nzima.

Kile kitabu kidogo cha Kijapani kwenye dashibodi nacho msikitupe. Maneno huelewi, lakini namba na michoro inasomeka. Mzee wetu alikuwa anawashia jiko.

Na kwa anayeanza, mi sasa naangalia jambo moja kabla ya picha: je, kitabu kinakuambia usiguse nini? Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki tupu, usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto. Kitabu kinachokufundisha kushusha injini ukurasa wa kumi, mwachie mwenye gereji.

Mzee hajanigombeza. Anasema tu "muulize fundi" kila nikifungua mdomo kuhusu gari. Fundi naye kaniagiza: nikipata kitabu chenye 5A-FE nimletee, atasoma picha, mi nimsomee maneno. Nimetafuta Dodoma nzima sijaona. Mwenye nacho, hata kimechanika jalada, anistue.

Nawasilisha.