Pazia Lisilositiri Si Pazia

Muhula uliopita nilialikwa katika shule moja ya bweni ya wasichana ili nizungumze na watahiniwa kuhusu uandishi wa insha. Kabla ya mazungumzo, wenyeji wangu walinitembeza na kunionyesha bweni jipya lililojengwa kwa michango ya wazazi. Madirishani mlikuwa na mapazia meupe ya kitambaa chepesi, kile ambacho wauzaji wa mijini hukiita shia, na ambacho Kiswahili kimekijua tangu zamani kwa jina la shashi. Mchana ule palipendeza kweli kweli. Mwangaza uliingia umepoa, upepo ukayapeperusha mapazia taratibu, nami nikawapongeza wenyeji wangu kwa dhati.

Nilipokuwa nikiondoka, jua limekwisha kutua na taa zimewashwa, nilitupa jicho upande wa bweni lile. Mapazia yalikuwa kama hayapo. Vitanda, masanduku na wasichana wenyewe walionekana waziwazi kutoka njiani wapitapo wafanyakazi, wageni na madereva. Niligeuza uso upesi. Mwalimu aliyekuwa akinisindikiza akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wasichana wale wamezoea kubadilisha nguo chini ya blanketi.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: je, wazazi wale walinunua nini? Walinunua pambo, wala hawakununua pazia. Nami nashikilia kwamba pazia lisilositiri si pazia, hata likipendeza namna gani.

Huenda msomaji akashangaa kuona mhadhiri wa isimu akijitia katika mambo ya cherehani na uzi. Lakini lugha yenyewe ndiyo iliyonileta hapa. Neno stara, ambalo sisi hulitumia kwa maana ya heshima na adabu ya mtu, lina asili moja na neno la Kiarabu sitara, yaani pazia. Katika mzizi huo ndimo pia tulimopata kitenzi kusitiri. Waliotuachia msamiati huu hawakuitenga nguo inayoning'inia dirishani na heshima ya aliye nyuma yake. Sisi tumevitenga vitu hivi viwili, na gharama yake inalipwa na mabinti zetu chini ya mablanketi.

Hebu tutazame jinsi kitambaa hiki kinavyofanya kazi. Shashi ina vitundu vidogo vidogo baina ya nyuzi. Sehemu ya mwanga hupenya na sehemu hurudishwa. Mchana, nje kuna mwanga mwingi kuliko ndani. Kwa hiyo aliye nje huuona weupe wa kitambaa kinachomrudishia mwanga machoni, naye aliye ndani huona nje bila shida kubwa. Usiku mambo hupinduka. Taa ikiwashwa, ndani ndiko kwenye mwanga, na mpita njia aliye gizani huona kila kitu. Hakuna ufundi wa kushona uwezao kulibadilisha jambo hili.

Sasa tukumbuke kwamba nchi yetu inapitiwa na mstari wa ikweta. Usiku wetu huchukua takriban saa 12, mwaka mzima. Hii ina maana kwamba anayetundika shashi peke yake amejisitiri kwa nusu ya maisha yake tu, na nusu iliyobaki, ambayo ndiyo ya kuoga, kuvua na kulala, ameiacha wazi.

Dawa yake inajulikana na kila fundi mzoefu: mapazia mawili katika dirisha moja. Shashi hukaa karibu na kioo kwa ajili ya mchana. Pazia zito, ikiwezekana lenye bitana, hukaa upande wa ndani kwa ajili ya usiku. Kila moja huwa na fimbo yake, ili moja livutwe bila kuligusa jingine. Atakayesema kwamba gharama ni kubwa, nami namjibu kwamba mwenye fedha za pazia moja tu na anunue lile zito. Mchana atalifungua, usiku atalifunga. Pambo lingoje.

Maadamu tumekubaliana kuhusu kazi, ndipo tuzungumzie uzuri. Hapa pia kuna kanuni. Shashi iliyokatwa kwa upana wa dirisha hukaa kama shuka lililoanikwa. Uzuri wake umo katika mikunjo, na mikunjo hutaka kitambaa cha kutosha: mara mbili na nusu ya urefu wa fimbo ni kipimo kizuri. Dirisha la sentimita 150 hutaka fimbo ipitilize sentimita 15 kila upande, ili mwanga usipenye pembeni na pazia lipate pa kukaa likifunguliwa. Fimbo basi ni sentimita 180, na kitambaa ni mita 4.5. Pindo la chini liwe pana, kama sentimita 10, tena likunjwe mara mbili, ili uzito wake uvute mikunjo inyooke na upepo usilifanye pazia kuwa bendera. Likifika chini, liachwe sentimita moja juu ya sakafu. Likiburura hukusanya vumbi, na likikatikia katikati ya ukuta huonekana kama suruali iliyomruka mwenyewe.

Rangi nayo si suala la kupenda tu. Shashi nyeupe hurudisha mwanga mwingi, kwa hiyo husitiri vyema zaidi mchana. Ile ya rangi nzito humwezesha aliye ndani kuona nje kwa uwazi zaidi. Pamba hupumua na hupendeza, lakini sharti ifuliwe kabla ya kukatwa, la sivyo itarudi na kuwa fupi baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Polista haichakazwi na jua upesi kama pamba, wala haihitaji pasi nyingi, ila ikishika moto huyeyuka na kugandamana na ngozi. Kwa hiyo mshumaa na koroboi visikaribie dirisha kamwe.

Kuhusu moto, shule hazina udhuru. Mwaka 2001, moto katika bweni la shule ya Kyanguli huko Machakos uliwaua wanafunzi zaidi ya 60. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka madirisha ya mabweni yasiwe na vyuma na yafunguke kuelekea nje kwa urahisi. Pazia lililopigiliwa misumari kwenye fremu, kama nilivyoona katika shule nyingine, hukivuruga kifungu hicho hata kama vyuma vimeondolewa. Pazia la bweni sharti liteleze kwa mkono mmoja, hata gizani.

Wazee wa Lamu hawakuwa na vioo, lakini walilielewa suala hili. Nyumba zao za mawe zilielekezwa kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani, ambako mwanga na hewa viliingia kutoka juu. Kuta za nje ziliachwa na matundu machache. Walianza na swali la nani ataona nini, ndipo wakapamba. Sisi tunaanza na pambo, na swali lenyewe hatuliulizi.

Lawama hii isiwaangukie mafundi peke yao. Fundi hushona alichoagizwa. Katika miaka ya mwanzo ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, watoto wa shule za msingi walifunzwa sayansikimu, wakashika sindano na futi. Wengi tuliliona somo hilo kuwa la kupotezea wakati. Leo mwanafunzi hukokotoa eneo la mstatili ubaoni bila kosa, ilhali hawezi kukadiria kitambaa cha dirisha lililo mbele yake. Walimu wenzangu, dirisha hilo lina hesabu, lina fizikia, lina Kiswahili cha bitana na pindo, tena lina maadili. Lifundisheni.

Nanyi wanafunzi, msione haya kuuliza. Kabla ya kamati yoyote kulipa mapazia ya bweni lenu, iombeni ifanye jaribio lisilogharimu hata senti: itundike kipande kimoja dirishani, iwashe taa saa mbili usiku, kisha wajumbe watoke nje wakasimame njiani. Wakimtambua aliye ndani, kitambaa hicho kirudishwe dukani.