Malaria inavyotusoma: Kwa nini Karagwe inatazamwa sana na wanasayansi

Mgonjwa wa malaria akimeza dozi kamili ya dawa mseto leo wilayani Karagwe, mkoani Kagera, bado ana nafasi kubwa sana ya kupona. Hilo lisemwe mapema, maana habari za usugu wa dawa zikifika kwenye simu huwa zimeshaongezwa chumvi, na kuna watu wanaoacha dozi njiani kwa sababu ya kusoma kichwa cha habari tu.

Lakini kwenye damu ya wagonjwa wa wilaya hiyo kuna jambo linalowakosesha watafiti usingizi. Uchunguzi wa sampuli za mwaka 2021, uliofanywa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na washirika wake, ulikuta zaidi ya sampuli moja kati ya tano za Karagwe zina vimelea vyenye badiliko la kinasaba linaloitwa R561H. Badiliko hilohilo lilikuwa limeshaonekana ng'ambo ya mpaka, nchini Rwanda, katika sampuli za mwaka 2014. Kaskazini mwa Uganda yamepatikana mengine mawili, C469Y na A675V. Eritrea ina la kwake, R622I.

Majina haya hayana ladha, ila maana yake ni rahisi. Jenomu ya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, ina herufi kama milioni 23. Ilisomwa yote kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Katika R561H, herufi moja tu ndiyo imebadilika. Moja, kati ya milioni 23.

Na hiyo moja inatosha kuisumbua dawa ambayo Afrika nzima inaitegemea.

Kimelea kinachojinyima chakula

Dawa yenyewe ni artemisinini, iliyotokana na mmea wa tiba za asili za China. Mwanasayansi Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuigundua. Ndiyo iliyo ndani ya ALu na dawa nyingine za mseto. Inafanya kazi kwa namna ya kushangaza kidogo: ikiingia mwilini haina makali mpaka kimelea chenyewe kiiwashe.

Kimelea huishi ndani ya chembe nyekundu ya damu na chakula chake ni himoglobini, ile inayoipa damu rangi. Kinapoimeng'enya, madini ya chuma yaliyomo humo yanabaki wazi, na chuma hicho ndicho kinachoilipua artemisinini. Yaani mlafi anakufa kwa ulafi wake.

Sasa badiliko la R561H na wenzake yako kwenye jeni moja inayoitwa kelch13, ambayo inahusika na namna kimelea kinavyomeza himoglobini kikiwa bado kichanga. Jeni hiyo ikibadilika, kimelea kichanga kinakula kidogo. Chuma kinapungua, dawa haiwaki vizuri. Artemisinini nayo haikai mwilini muda mrefu, ni saa chache tu. Kimelea kinajinyima, kinasubiri dawa ipite, kisha kinaendelea na maisha.

Matokeo yake hospitalini ni kwamba vimelea vinachelewa kuisha. Badala ya damu kuwa safi ifikapo siku ya tatu, baadhi ya wagonjwa bado wanakutwa navyo. Ndiyo maana wataalamu wanauita usugu wa sehemu. Mgonjwa anapona, lakini kazi kubwa inabaki kwa dawa ya pili iliyomo kwenye kidonge kilekile, lumefantrini, ambayo hukaa mwilini kwa siku kadhaa.

Hapo ndipo hofu ilipo. Kusini Mashariki mwa Asia mambo yalianza hivihivi. Usugu wa artemisinini uliripotiwa magharibi mwa Cambodia kati ya 2008 na 2009, dawa mwenza ikabebeshwa mzigo wote, na baada ya miaka michache nayo ikaanza kushindwa. Cambodia ililazimika kubadilisha matibabu. Tofauti ni kwamba Cambodia ina wagonjwa wachache. Afrika ndiyo yenye zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa na vifo vyote vya malaria. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2023 pekee watu 597,000 walikufa duniani, wengi wao watoto wa Kiafrika wa chini ya miaka mitano.

Kuna jambo moja ambalo jenomu zimelifichua na halikutarajiwa na wengi. Ilidhaniwa usugu huu ungeletwa kutoka Asia, kama ulivyoletwa ule wa klorokwini. Lakini waliposoma vinasaba vya vimelea vya Rwanda walikuta havina undugu na vya Cambodia. Vimezaliwa hapahapa. Kufunga mipaka ya anga, basi, kusingesaidia kitu. Na kule Mutukula au Rusumo hakuna afisa anayekagua vinasaba.

Wazee wanaikumbuka klorokwini

Waliokuwa na watoto wadogo miaka ya 1980 na 1990 hawahitaji kuelezwa sana. Klorokwini ilikuwa kwenye kila duka, chungu na ya kuwasha mwili, lakini iliponya. Vimelea sugu vilifika Kenya na Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970. Serikali zilichukua muda mrefu kukubali. Kenya iliiacha kama dawa ya kwanza mwaka 1998, Tanzania mwaka 2001. Miaka ishirini na zaidi kati ya dalili ya kwanza na uamuzi, na katikati hapo watoto waliendelea kupewa dawa iliyochoka.

Baada yake ikaja SP, ambayo wengi waliijua kama Fansidar. Hiyo nayo haikudumu. Kufikia 2006 Tanzania ilikuwa imehamia ALu.

Malawi ilikuwa na haraka zaidi. Iliacha klorokwini mwaka 1993, na miaka kumi na kitu baadaye watafiti waliijaribu tena wakakuta inaponya karibu kila mgonjwa. Sababu ni kwamba badiliko linalokilinda kimelea dhidi ya dawa lina gharama yake. Dawa ikiondoka, vimelea vya kawaida vinavishinda vile sugu kwa kuzaliana. Hii ni habari njema, ingawa hakuna anayependa kusubiri miaka kumi.

Binadamu naye amebadilika

Ni rahisi kudhani kwamba katika vita hivi upande mmoja tu ndio unaobadilika. Vinasaba vya watu wa ukanda huu navyo vimebeba makovu ya malaria.

Mfano unaojulikana zaidi ni selimundu. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alianza kuona mwaka 1949 kwamba watu wengi wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria wamebeba kinasaba cha selimundu, lakini kwenye nyanda za juu zenye baridi ni wachache. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: anayerithi nakala moja ya kinasaba hicho analindwa na malaria. Tafiti za baadaye zimeonyesha kinga hiyo dhidi ya malaria kali inakaribia asilimia 90. Anayerithi nakala mbili ndiye anayepata ugonjwa wenyewe. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi duniani wanaozaliwa na selimundu, wanaotajwa kuwa kama 11,000 kila mwaka. Familia hizo zinalipa bei ya kinga ambayo majirani zao wanaifaidi.

Kwa miaka zaidi ya 60 ilionekana kama hadithi imekwisha hapo. Halafu mwishoni mwa 2021 watafiti waliowachunguza watoto wa Kilifi, Kenya, na wa Gambia walifanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa kwa ukubwa ule: walisoma jenomu ya mtoto pamoja na jenomu ya kimelea kilichomlaza hospitalini. Walikuta baadhi ya vimelea vina mabadiliko katika sehemu tatu za jenomu, na vimelea hivyo haviogopi selimundu. Mtoto mwenye nakala moja, ambaye angepaswa kulindwa, akikutana na kimelea cha namna hiyo kinga yake inapungua sana. Na vimelea hivyo vinaonekana zaidi kwenye maeneo yenye watu wengi wenye kinasaba cha selimundu.

Yaani kinga ya kurithi, iliyojengwa kwa maelfu ya miaka na kulipiwa kwa maisha ya watoto, nayo imeshatafutiwa ufunguo. Namna hasa ufunguo huo unavyofanya kazi bado inachunguzwa.

Kilifi hiyohiyo imetoa jambo jingine, la kundi la damu lisilo la kawaida linaloitwa Dantu. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha chembe nyekundu za watu wa kundi hili zina utando uliokaza zaidi, kama ngoma iliyovutwa sana, na kimelea kinashindwa kuupenya.

Mama wa mimba ya kwanza

Wakunga wamejua siku nyingi kwamba malaria humsumbua zaidi mwanamke mwenye mimba ya kwanza, hata kama amekulia eneo la malaria na alikuwa haumwi tena. Sababu iko kwenye jeni za kimelea ziitwazo var. Kila kimelea kina kama 60, na kila moja ni vazi tofauti. Huvaa moja ili chembe aliyomo inase kwenye kuta za mishipa ya damu isipelekwe kwenye bandama kuharibiwa. Mwili ukishalitambua vazi hilo, vimelea vilivyovaa jingine ndivyo vinavyobaki na kuzaana.

Moja kati ya mavazi hayo, VAR2CSA, limeshonwa kwa ajili ya kondo la nyuma. Linanasa kwenye sukari fulani iliyojaa pale, jambo lililogunduliwa mwaka 1996 kwa vimelea vya akina mama wa Kenya. Mwanamke ambaye hajawahi kubeba mimba hana kingamwili za vazi hilo kwa sababu hajawahi kuliona. Mimba za baadaye zinamkuta ana kinga kiasi. Ndiyo sababu kliniki zinasisitiza SP wakati wa ujauzito, na ndiyo sababu binti wa miaka 19 hapaswi kuambiwa kwamba hizo ni homa za mimba tu.

Kipimo cha kidole nacho kinakwepwa

Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kutoboa kidole, mara nyingi hutafuta protini inayoitwa HRP2. Kimelea kinaitoa kwa wingi kwenye damu. Inavyoonekana kinaweza kuishi bila hiyo, kwani vipo vilivyoitupa jeni yake kabisa. Vya kwanza vilionekana Peru mwaka 2010. Mwaka 2016, katika hospitali mbili za Eritrea, zaidi ya nusu ya sampuli zilizochunguzwa zilikuwa za aina hiyo, na nchi ikalazimika kubadili vipimo. Ethiopia na Djibouti zimeguswa pia.

Fikiria maana yake. Kipimo kinasema hakuna malaria, mgonjwa anarudishwa nyumbani na panado, na kimelea kilichokwepa kipimo ndicho kinachobaki kuambukizwa na mbu kwa wengine. Kila kipimo kinachokosea kinakipa nafasi zaidi. WHO inashauri nchi ibadilishe kipimo ikiwa zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa wanakosekana kwa sababu hii. Tanzania bara, uchunguzi umekuta vimelea hivyo ni nadra. Eritrea, kwa bahati mbaya, baadhi ya vimelea vina yote mawili: usugu wa dawa na ukwepaji wa kipimo.

Chanjo haijasalimika. RTS,S, iliyoanza kutolewa kwa majaribio Kenya, Ghana na Malawi mwaka 2019, imetengenezwa kwa mfano wa protini ya aina moja ya kimelea. Katika mwaka wa kwanza ilizuia karibu nusu ya maambukizi ya vimelea vinavyofanana na mfano huo, lakini theluthi moja tu ya visivyofanana. Bado inaokoa watoto, na mtoto aliyefikiwa na zamu yake apelekwe.

Nani analipia kutazama?

Kinachozitofautisha siku hizi na zama za klorokwini ni kwamba safari hii dalili imeonekana mapema, wagonjwa wakiwa bado wanapona. Imeonekana kwa sababu kuna watu waliokusanya matone ya damu kwenye karatasi, kutoka zahanati za Karagwe hadi za Kyerwa, wakayasoma vinasaba vyake. Tanzania imefanya hivyo tangu 2021.

Kazi hiyo inagharimu, na sehemu kubwa ya fedha za malaria barani ilitoka nje. USAID, iliyokuwa ikiendesha mpango wa Rais wa Marekani wa kupambana na malaria, ilifungwa rasmi Julai 2025. Serikali za ukanda huu zikitafuta pa kubana matumizi, maabara ya vinasaba ni rahisi kukatwa kuliko vyandarua, kwa kuwa hakuna mpiga kura atakayeiulizia.

Dawa mpya iko njiani. Novemba 2025 Novartis ilitangaza matokeo ya majaribio ya mwisho ya ganaplasidi ikichanganywa na lumefantrini, yaliyofanyika katika nchi 12 za Afrika, yakionyesha kiwango cha kuponya cha zaidi ya asilimia 97. Haina artemisinini kabisa. Lakini kutoka matokeo hadi kwenye rafu ya zahanati ya kijijini kuna vibali, bei na usafiri, na lumefantrini iliyomo humo ni ileile inayobeba mzigo wa ALu leo.

Kabla haijafika, mapendekezo yaliyo mezani ni kutumia dawa mseto za aina tofauti kwa zamu au kwa maeneo, ili kimelea kisizoee moja, au kuchanganya dawa tatu badala ya mbili. Mgonjwa naye ana la kufanya: apime kabla ya kununua dawa, amalize siku tatu zote, na akiona homa imerudi ndani ya wiki chache arudi kituo cha afya alikotibiwa na kueleza alimeza nini, maana bila taarifa hiyo hakuna atakayejua kama dawa ndiyo iliyoshindwa.