Akiba Haiozi, na Baruti Vilevile

Wahenga walinena ya kuwa akiba haiozi. Aghalabu neno hili hutumiwa kwa nafaka, fedha au elimu. Lakini katika Mji wa Kale wa Mombasa liko jambo jingine ambalo neno hili lalihusu barabara, nalo ni baruti nyeusi. Katika mtaa wa zamani kama Kibokoni, jirani ya Ngomeni, mjukuu afunguapo sanduku la marehemu babu yake aweza kukuta, chini ya kanzu na karatasi, bastola nzito yenye kutu. Wengi huuliza kwanza bei yake. Swali lipasalo kutangulia ni hili: je, imeshindiliwa?

Silaha za siku hizi hufunguliwa zikatazamwa ndani, na risasi zikaonekana. Silaha ya kushindilia haisemi. Yaweza kunyamaza ukutani miaka 100, nayo ina baruti na risasi tumboni. Ili kuufahamu ukimya huo, yafaa kukumbuka jinsi wazee walivyowinda kwa silaha za namna hii.

Huko Ulaya baruti nyeusi iliachwa na majeshi upesi baada ya mwaka 1884, wakati Mfaransa Paul Vieille alipotengeneza baruti isiyotoa moshi mwingi. Afrika ya Mashariki haikufuata mwendo huo. Tarehe 2 Julai, 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake yakazuia bunduki zilizo bora zisiingizwe katika nchi zote zilizo kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini ya Ikweta. Mombasa imo ndani ya mipaka hiyo. Zilizoruhusiwa kuuzwa, tena kwa masharti, ni bunduki za jiwe zenye kasiba laini, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa hiyo askari wa Ulaya alipokuwa akipiga bila moshi, mkulima wa pwani alikuwa bado na gobori lake.

Kulijaza gobori kulihitaji utulivu. Mwindaji alipima baruti kutoka katika pembe, akaimimina mdomoni mwa kasiba, akatia kitambaa, akashindilia kwa mdeki. Kisha alitia marisau, kitambaa cha pili, akashindilia tena. Mwisho alitia baruti kidogo katika kisahani kilicho kando ya tundu la moto, ili jiwe ligongapo chuma, cheche ziwashe. Baadaye zilikuja bunduki za fataki, yaani kofia ndogo ya shaba iwakayo igongwapo, na kisahani kikawa hakina kazi tena. Hata hivyo, mwenye kasiba moja alikuwa na mlio mmoja tu. Akikosa, sungura yuko mbali kabla mdeki haujatoka mahali pake.

Ndiyo sababu mwindaji wa wanyama wadogo hakuwa mtu wa haraka. Mtu wa kisiwani alivuka maji kwenda bara, upande wa Likoni, Kisauni au Changamwe, penye mashamba na vichaka. Huko alitafuta digidigi, sungura, kanga au kwale. Alitazama upepo kwanza, maana mnyama hunusa kabla ya kuona. Alisogea hatua kwa hatua mpaka karibu, kwa kuwa marisau hutawanyika upesi na nguvu zake hupungua. Kama ni Mwislamu, alitaja jina la Mwenyezi Mungu alipofyatua, akawa na kisu kikali tayari ili amchinje mnyama akimkuta yu hai. Baada ya mlio, wingu jeupe lenye harufu ya mayai yaliyooza lilimfunika, naye akangoja lipite ndipo ajue kama leo watoto watakula nyama.

Bastola ya risasi sita ilizaliwa katika dunia hiyo hiyo ya baruti nyeusi. Mmarekani Samuel Colt alipata hati ya kuilinda kazi yake katika nchi yake mwaka 1836, na mwaka 1851 akazionyesha bastola zake katika Maonyesho Makuu ya London. Pwani silaha ya kawaida ya mwindaji ilikuwa gobori. Lakini huko Marekani wako watu ambao hata leo huwinda sungura na kuchakulo kwa bastola za namna hiyo, kwa kupenda ustadi wa kale.

Bastola hiyo ina gurudumu nene lenye matundu. Kila tundu hutiwa baruti kwa mbele, kisha risasi ya mviringo, nayo hushindiliwa kwa mkono wa chuma ulio chini ya kasiba. Nyuma ya kila tundu huvikwa fataki yake. Juu ya kila risasi hupakwa mafuta mazito, na mafuta hayo si pambo. Moto wa tundu moja waweza kuruka ukaingia katika matundu ya jirani, yakalia yote kwa mara moja, na mkono wa mpigaji ukaumia. Tena wazoefu wengi hujaza matundu matano tu, wakaacha tupu lile lililo chini ya nyundo, ili silaha ikianguka isilie.

Mtu asiyejua hudhani kuwa risasi sita ni bora mara sita kuliko moja. Sivyo. Bastola ina kasiba fupi, na risasi yake ni moja moja, haitawanyiki kama marisau. Mwenye kuwinda sungura kwayo hulazimika kusogea hata hatua 20 au 25, na kulenga kichwa, ili nyama isiharibike na mnyama asiteseke. Ategemeaye risasi ya pili huwa ameharibu ya kwanza. Na mshika mawili moja humponyoka.

Silaha ya kushindilia ina udhaifu mwingine, ambao Dakt. Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliuona kwa taabu. Mwaka 1851 alisafiri na Kivoi, mkuu wa Wakamba, kuelekea mto Tana. Wakashambuliwa njiani, Kivoi akauawa, na Krapf akakimbia peke yake porini. Alipoufikia mto, kiu ikiwa imemkaba, hakuwa na kibuyu. Akajaza maji katika kasiba za bunduki yake, akaziziba midomo kwa majani na vitambaa. Lakini alipokuwa akipita vichakani miiba ilizing'oa ziba zile, na maji yakamwagika. Bunduki ya kushindilia isiyo na baruti kavu ni bomba tu, na siku ile hata kazi ya bomba haikuiweza.

Hapo ndipo watu wengine hukosea. Husema kwamba ikiwa maji huishinda baruti, basi hewa ya bahari ya Mombasa imekwisha kuiua ile iliyomo katika bastola ya babu. Baruti nyeusi huchanganywa kwa vitu vitatu: shura sehemu 75, makaa ya miti sehemu 15, na salfa sehemu 10. Shura ni chumvi, makaa ni makaa, na salfa ni madini. Hapana hata kimoja kati ya hivyo kiozacho. Unyevu huidhoofisha baruti, lakini ikihifadhiwa pakavu nguvu zake hudumu. Tena shura yenyewe huulisha moto, hata baruti huwaka palipozibwa pasipo na hewa. Chuma ndicho kiliwacho na kutu. Baruti iliyofungiwa ndani yake yaweza kubaki nzima.

Ushahidi upo. Mwezi wa Januari, 2013, mafundi wa bustani kuu ya mji wa New York walikuwa wakisafisha mzinga wa kale uliotoka katika manowari ya Kiingereza iitwayo Hussar, iliyozama mwaka 1780. Mzinga huo ulikuwa umewekwa mbele ya watu kwa miaka mingi. Walipoufungua mdomo walikuta tufe la chuma, ziba, na baruti zaidi ya gramu 800, kavu. Polisi ndio walioiondoa. Na huko Virginia, mwaka 2008, mtu aliyezoea kusafisha makombora ya vita vya mwaka 1861 hata 1865 aliuawa na kombora moja la vita hivyo alilokuwa akilishughulikia.

Basi aonaye silaha ya kale nyumbani na aihesabu kuwa ina baruti, mpaka mjuzi athibitishe kuwa haina. Asivute nyundo kwa mchezo, wala asiielekeze kwa mtu. Asichokoe kasiba kwa msumari. Asiiweke juani wala karibu na jiko ili kulainisha kutu. Watoto waondolewe chumbani, na polisi waarifiwe waje wenyewe kuitazama. Sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, humtaka mwenye silaha ya moto awe na cheti, na anayetoa habari mapema hujiepusha na mashaka mengi. Ikiisha kutolewa baruti, iko Makumbusho ya Fort Jesus hapo hapo jirani, ambayo yaweza kuulizwa juu ya kuhifadhi vitu vya namna hii.

Wala asiwepo wa kudhani kuwa bastola hiyo itamrudisha porini. Uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 yaendelea kuwalinda digidigi na sungura pia. Kilichobaki kwa mjukuu ni adabu ya mwindaji mwenyewe, ambaye hakuweka silaha yake chini kabla ya kujua kilichomo ndani.