Figo Imepatikana, Njia Je?



Hebu jiweke hapa. Uko Mandera. Mamako figo zimefeli, nawe umemwambia, "Mama, chukua yangu." Kundi la damu linalingana. Unadhani kazi imeisha? Bado haijaanza.

Hospitali zinazopandikiza figo Kenya ni chache, na nyingi ziko Nairobi na Eldoret. Mandera hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 1,000, na si safari ya mara moja. Unaenda kupimwa kama figo zako ni nzima. Unarudi kupimwa kama mwili wa mama utaipokea. Mko watatu, mgonjwa, mtoaji na wa kuwashika mkono, na nyote mnahitaji nauli, malazi na chakula. Mama naye anasafishwa damu kwa mashine kama mara mbili kwa wiki, masaa manne hivi kila mara, so lazima mtafute nafasi ya mashine huko mnakoenda pia.

Mitaani kwetu mjadala wa figo huishia kwenye halali na haramu. Majmaa ya Fiqhi ilikaa Jeddah 1988 ikajibu: kutoa kwa hiari kunaruhusiwa kwa masharti, kuuza hapana. Mwenye shaka amuulize sheikh wake. Lakini tunabishania mlango ulio wazi, na njia ya kuufikia hatuizungumzii.

Kinachoniuma zaidi ni baada ya upasuaji. Mgonjwa anameza dawa kila siku ili mwili usiikatae figo mpya. Miezi ya kwanza daktari anataka damu yake mara kwa mara. Dawa ikipungua, mwili unaanza kuikataa figo. Ikizidi, dawa hiyo hiyo inaiharibu. Na mara nyingi mwanzoni hasikii maumivu yoyote, kipimo cha damu ndicho kinachogundua. Sasa mtu wa Wajir au Lamu anakaa kupiga hesabu: niende kliniki, au nilipe karo ya watoto? Akikosa mara kadhaa, figo uliyompa inaweza kufa, halafu ati watu waseme alipuuza. Alishindwa na nauli, jamani.

Sidai kila kaunti ipewe chumba cha kupandikiza. Upasuaji huu unataka timu iliyouzoea. Ninachodai ni chupa ya damu isafiri, mgonjwa abaki nyumbani. Atolewe damu hospitali ya kaunti, itumwe kwenye maabara, daktari amrekebishie dozi kwa simu, dawa azichukulie hapo hapo. Kaunti nyingi zilipata mashine za kusafisha damu kupitia mpango wa kukodi vifaa ulioanza 2015, kwa hivyo wauguzi wanaojua wagonjwa wa figo tayari wapo.

Na si hisani tunayoomba. Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya. Kifungu cha 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji kwa maeneo yaliyotengwa, na vituo vya afya vimetajwa humo waziwazi. Mandera, Wajir, Garissa, Lamu, Tana River na Kwale zilikuwa kati ya kaunti 14 za mwanzo kuorodheshwa.

Kaunti yako ikiita wananchi kutoa maoni ya bajeti, usikae nyuma na simu. Simama uulize pesa za kusafirisha sampuli na za dawa za waliopandikizwa ziko ukurasa gani. Ukiambiwa hiyo ni kazi ya serikali kuu, omba jibu hilo kwa maandishi, utuletee.