Tuanze na Lenzi

Tangu Meta ilete miwani ya uhalisia pepe ya Quest 3S Oktoba 2024 kwa dola 299.99, kila mchambuzi anatoa hukumu ileile: hii ni Quest 3 kwa bei nafuu. Sikubaliani hata kidogo, na toleo hili limeandaliwa kwa sababu hiyo.

Hoja yao yote imeegemea prosesa. Kweli, zote mbili zina Snapdragon XR2 Gen 2 na memori ya gigabaiti 8. Lakini bei imepunguzwa pale macho yanapokutana na kifaa. Quest 3 ya mwaka 2023 ina lenzi za pancake, ambazo hurudisha mwanga huku na huku baina ya tabaka zake kabla haujafika jichoni; ndiyo maana kifaa ni chembamba na picha inabaki safi hadi karibu na ukingo. Quest 3S imerejea kwenye lenzi za Fresnel, zile zenye mikato ya duara, na skrini ya pikseli 1832 kwa 1920 kwa kila jicho, sawa na Quest 2 ya mwaka 2020. Maandishi meupe kwenye giza hutoa miale. Ukitaka kusoma cha pembeni, unageuza shingo. Mwanafunzi wa udaktari anayechunguza mishipa ya moyo ataumizwa na hilo, hata prosesa iwe na kasi gani.

Kuna jambo linalonikera zaidi. Lenzi za 3S zina nafasi tatu tu za kulingana na umbali wa mboni: milimita 58, 63 na 68. Quest 3 ina gurudumu la kuzisogeza kidogo kidogo. Mwenye mboni zilizoachana milimita 65 ahesabiwe wapi? Wachambuzi hawaulizi, na wengi wetu tunaagiza kifaa bila kukijaribu.

Makala ya kwanza ya toleo hili inanipinga kwa hoja kwamba lenzi za pancake humeza sehemu kubwa ya mwanga wa skrini. Ni kweli, na isomwe kwa makini. Ya pili inahusu miwani ya Vision Pro na betri yake ya mfukoni. Ya tatu inajadili faragha baada ya Meta kuwafungulia watengenezaji wa programu kamera za miwani mwaka 2025.

Kuanzia sasa, uchambuzi wa miwani utakaoletwa kwetu uanze na lenzi, na mwandishi ataje umbali wa mboni zake. Usiotaja hatutauchapisha.